Mkebe Haurudi Mtupu

Nabalayo alikuwa mke wa Khaemba, faiamani wa reli, yule mtu wa kuchunga moto ndani ya injini. Mimi Awuor nilikuwa jirani yake katika landi za reli, zile nyumba za safu za wafanyakazi, pale Nakuru: ukuta mmoja, bomba moja la maji, kamba moja ya kuanikia nguo. Nayasema haya mapema ili mtu asije akaniuliza niliyajuaje mambo ya nyumba ya watu. Ukuta wa landi ulikuwa mwembamba, na Khaemba hakujua kunong'ona.

Kitu cha kwanza kujua juu ya Nabalayo ni kwamba hakupenda kushindwa. Ukipiga deki mlangoni pako, yeye atapiga deki mpaka bombani. Ukifua shuka ikawa nyeupe, yeye atafua yake mara ya pili hata kama ilikuwa safi, kisha aianike mbele ya yako. Aliolewa akiwa msichana kutoka Kimilili, akaja Nakuru na sanduku moja la mbao, na kabla mwaka haujaisha nyumba yake ya chumba kimoja ilikuwa imejaa vitambaa vya kufuma: vya viti, vya meza, cha kufunikia redio ambayo hawakuwa nayo. Nilimwonea wivu, sikatai. Mume wangu Owuor alikuwa mtu wa kugeuza reli pale yadi, analala nyumbani kila siku, ananuka mafuta kila siku, na hakuna kitu kipya chochote anacholeta. Khaemba alikuwa mtu wa safari. Alikwenda na injini kubwa mpaka Uganda, wakipokezana zamu na kulala katika behewa lao, kisha anarudi na ndizi, na kahawa, na maneno.

Kila safari Nabalayo alimfungia chakula katika mkebe wa enameli wa buluu, wenye mkono wa kushikia na kifuniko kilichobanduka rangi pembeni. Alikuwa akitia ugali wa wimbi na kuku wa kukaanga, na juu kabisa firigisi, maana kwao Wabukusu firigisi ni ya mwenye nyumba na mtu mwingine haigusi. Mkebe ulikwenda umejaa, ukarudi mtupu, umebaki harufu tu, Nabalayo akausugua kwa majivu. Hayo ndiyo yalikuwa maisha yao, na wengi wetu tuliyatamani.

Halafu ukaja mwaka wa ile homa iliyoitwa ya Asia. Huo ulikuwa mwaka wa hamsini na saba, hali ya hatari ilikuwa bado haijaondolewa, na tulidhani tumekwisha kuona kila balaa. Redio ya klabu ya reli ilianza kututajia miji ambayo hatukuijua: Hong Kong, Singapuri, kisha Bombay, ambayo tuliijua kwa sababu ya wenye maduka. Wanaume walisikiliza kama wanavyosikiliza mpira wa Kombe la Gossage. Nchi hii imelala, nchi ile imelala nusu, ile nyingine bado inasimama. Wazee wetu walisema mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Lakini sisi hatukutia maji. Sisi tulihesabu magoli.

Mombasa ikalala, maana meli zilitua huko kwanza. Nairobi ikafuata. Halafu siku moja mtu wa bogi za mizigo akakohoa pale stesheni, na kabla hatujakaa sawa nusu ya landi ilikuwa chini, miili inauma, macho mekundu, kila nyumba inachemsha maji. Wengi waliinuka baada ya kulala kidogo, wazee wachache na watoto wachache hawakuinuka. Mwanamke Mkipsigis aliyetuletea maziwa kutoka Rongai, Chelagat, alianza kuacha debe lake mbali na kutuita kwa sauti kutoka kwenye ua.

Jioni moja Khaemba alirudi safari, akakaa nje na Owuor wangu na wanaume wengine waliokuwa bado na nguvu.

"Mimi nawaambia," alisema, "Uganda watu wako sawa. Hakuna mtu anakohoa. Sisi hapa tumelala kama magunia, na wao wanacheza ngoma."

"Na Tanganyika?" Owuor akauliza.

"Tanganyika iko katikati. Pwani imelala, bara bado."

"Sasa Uganda wako na dawa gani?"

"Si dawa. Ni usafi." Khaemba akajiweka sawa kama mwalimu. "Uganda nyumba inafagiliwa mpaka nyuma. Maji ya kunywa inakaa kwa mtungi, na mtungi inafunikwa na kitambaa iko na ushanga huku pembeni, nyekundu na nyeupe. Mgeni akikuja anakalia mkeka huko nje, haingii hovyo hovyo. Nyinyi mnaingiliana kama kuku, halafu mnashangaa."

Mimi na Nabalayo tulikuwa mlangoni tunamenya viazi vya Molo. Kisu chake kikasimama.

"Baba Nasimiyu," alimwambia mumewe polepole, "hiyo kitambaa ya ushanga iko kwa stesheni?"

Wanaume wakacheka. Khaemba akasema, "Hayo naambiwa na watu tu," akabadilisha maneno, akaanza kueleza Wajaluo wa Kisumu wanavyoumwa.

Lakini Nabalayo hakucheka, na mimi pia sikucheka. Mwanamume haoni kitambaa. Miaka yote ile Nabalayo alifuma mpaka vidole vikafanya sugu, na Khaemba akavikalia vitambaa vile, akavimwagia chai, akajipangusia mikono, bila kujua vina maua au vina ndege. Leo ameona ushanga, ameona na rangi yake. Tangu jioni ile Nabalayo aliichukia Uganda. Ukitaja Uganda mbele yake alisonya. Aliichukia kwa sababu ilikuwa nzima, na sisi tulikuwa wagonjwa, na mumewe alikuwa akiisifu kwa mdomo uleule aliokuwa akilia ugali wake.

Safari iliyofuata, mkebe ulirudi mzito.

Aliniita. "Mama Opiyo, kuja uone kitu."

Alikuwa ameufungua juu ya meza. Ulikuwa umesuguliwa ndani na nje, hata ile sehemu ya kifuniko iliyobanduka ilikuwa imeng'arishwa. Ndani mlikuwa na malewa, yale machipukizi ya mianzi ya Mlima Elgon yanayokaushwa kwa moshi, yamefungwa vizuri kwa jani la mgomba, na pembeni njugu zilizopondwa tayari kwa kupikia. Mtu wa treni hanunui kitu kama hicho. Malewa hupikwa na mwanamke aliyefundishwa na mama yake, upande ule wa mlima wanakokaa Wagisu, ambao Wabukusu huwaita ndugu zao.

Na kuna jambo jingine, ambalo kila mwanamke analijua, kwao na hata kwetu ziwani. Chombo kikija nyumbani kwako na chakula, hakirudi kitupu. Ukikirudisha kitupu umemwambia mwenzako kwamba humtambui. Kwa hiyo mkebe ule ulikuwa umeingia nyumba ya mtu, ukafunguliwa na mwanamke, naye akala kilichokuwamo. Adabu yake nzuri ndiyo iliyomchongea. Khaemba, ambaye angeweza kuyamwaga malewa yote njiani, aliyabeba mpaka mlangoni bila kujua amebeba nini. Au huenda yule mwanamke alijua. Mimi nasema alijua. Mwanamke hasugui kifuniko cha mwenzake namna ile bure.

"Amekula kuku yangu," Nabalayo alisema. Kisha akakaa chini. "Mama Opiyo, firigisi ilikula nani?"

Hakumwuliza mumewe. Aliyapika yale malewa, akamwandalia, akakaa mbele yake akimtazama anavyokula. Khaemba akala, akalamba vidole, akasema, "Leo umepika vizuri. Lakini ungeongeza njugu kidogo ingekuwa sawa kabisa." Nilisikia kupitia ukutani, na mwiko ukanitoka mkononi.

Yaliyokuwa yamefichika yalitoka kwa sababu ya mtoto. Nasimiyu, binti yao mdogo, alikuwa na kifua kibovu tangu kuzaliwa. Baridi kidogo tu anapiga miluzi akipumua. Homa ilikuwa imeingia nyumba za jirani kulia na kushoto. Asubuhi moja kabla ya zamu Khaemba akasema, "Huyu mtoto hawezi hii homa. Nimpeleke Tororo mpaka hii kitu ipite. Huko bado iko safi."

"Kwa nani?"

Khaemba akainama kufunga viatu.

"Kwa nani, Baba Nasimiyu?"

"Kwa watu."

"Watu wako na jina."

"Ni mtu mzuri," Khaemba alisema, na sauti yake ilikuwa imepungua. "Anajua kuchunga mtoto."

"Anajua kuchunga mtoto wa nani?"

Ndipo akasema yote. Alikuwa amemchukua mwanamke kule tangu mwaka uliopita. Hakuna mtoto bado. Alitaka kumwambia, akaona si wakati mzuri, akangoja wakati mzuri ambao haukuja. Kwao kuoa mke wa pili si kosa, hata baba yake Nabalayo alikuwa na wake watatu. Lakini mke mkubwa huambiwa kwanza. Huulizwa, hutulizwa, huletewa kitu mkononi, na yeye ndiye humkaribisha mdogo jikoni. Nabalayo alikuwa amekaribishwa na mkebe.

"Mtoto hatoki hapa," alisema. "Afadhali augue Kenya kwa mama yake kuliko apone Uganda kwa mwingine."

Maneno yale yalinitia baridi, nami si mtu wa kutishika upesi. Jaribu kufikiri: mtu anajua mahali ambapo mtoto wake atakuwa salama, na anakataa. Nilitaka kwenda kumwambia. Halafu nikajiuliza kama ningekuwa mimi, na Owuor ananiambia nimpelekee mwanamke wake Opiyo wangu, nikabaki nimekaa.

Homa ikamshika Nasimiyu juma hilohilo. Nabalayo hakulala. Alimwegemeza kifuani akiwa amekaa, akamfukiza kwa majani ya mkaratusi chini ya blanketi, akamlisha uji kwa kijiko. Nilipoleta maji aliniambia, "Akifa, ni mimi nimemuua, na ule wa Uganda atakuja kunicheka matangani." Hata pale, katikati ya hofu ile, alimwona yule mwanamke amekaa matangani na kitambaa chake cha ushanga. Mungu alimhurumia. Kifua cha mtoto kilifunguka, akaomba chapati.

Khaemba ndiye aliyefuata. Aliamka anatetemeka siku ya zamu yake, akaanza kuvaa.

"Unakwenda wapi na moto hiyo?" Nabalayo akamwuliza.

"Mafaiamani wote wamelala, nitaachia nani injini? Nikifika kule nitapumzika."

Neno "kule" lilitosha. Nabalayo alivichukua viatu vya Khaemba vya kazi, akatoka navyo nje, akavizamisha katika pipa la maji ya mvua, akaweka jiwe juu. Nilikuwa bombani, niliona kwa macho yangu.

"Ukiugua, utaugua hapa," alimwambia. "Mimi ndiye nitakupangusa. Si mtu mwingine."

Owuor ndiye aliyepeleka habari yadi kwamba Khaemba hawezi. Siku chache baadaye alipita mganga wa reli, akiandika wagonjwa nyumba kwa nyumba, akasikia habari ya viatu na pipa, akacheka mpaka akavua miwani. Kisha akatukusanya akasema huyu mama ndiye mwenye akili katika landi nzima. Homa hii haina miguu, alisema, inapanda treni. Kila mke angemzuia mumewe mgonjwa, nchi za mbele zingepona. Wanawake wakampigia makofi. Nabalayo alipokea sifa zile ameinamisha macho kama bibi arusi. Mimi nikamtazama, na yeye akanitazama. Yule mwanamke wa Tororo alikuwa amelindwa na wivu wa mke mwenzake, wala hakujua.

Lakini treni ni nyingi na mafaiamani ni wengi, na si kila mmoja ana mke wa namna ile. Khaemba alikuwa ameanza kupata nguvu, anaota jua mlangoni, redio ya klabu iliposema kwamba homa imevuka mpaka pale Malaba. Tororo imelala. Mbale imelala. Kampala wanafunga shule.

Ndipo nilipoelewa upumbavu wetu wote. Hakukuwa na nchi safi na nchi chafu. Kulikuwa na nchi ambazo treni imefika na nchi ambazo treni haijafika, nasi tulikuwa tumekaa njiani tunagawa sifa na lawama. Ni kama kumsifu aliyekaa mwisho kwenye foleni ya sindano kwamba ni shujaa kwa kuwa hajalia.

Nabalayo hakuwa na habari na foleni. Alikuja kwenye kamba ya nguo anaimba wimbo wa kanisani. "Mama Opiyo, umesikia? Uganda imelala. Mtungi ya maji na kitambaa na mkeka, yote imelala. Sasa tuko sawa." Aliniambia bila kuona haya kwamba alikuwa akiliombea jambo hilo kila Jumapili. Wanasema dua la kuku halimpati mwewe, lakini la kwake lilimpata. Nilitaka kumwambia anyamaze, nikashindwa, maana uso wake ulikuwa umependeza kama wa siku za kwanza alipokuja na sanduku lake.

Siku ya Khaemba kurudi kazini, alisimama mbele ya mkewe na kofia mkononi.

"Mama Nasimiyu, yule mtu ni mgonjwa. Nimeletewa habari na watu wa zamu. Hana mtu wa kumpikia uji. Nipatie kitu nimpelekee."

Kumwomba mke jambo kama hilo! Ningekuwa mimi, hayo maji ya moto yaliyokuwa jikoni yangepata kazi. Nabalayo akauteremsha mkebe wa buluu. Akatia unga wa wimbi aliousaga mwenyewe, akatia ndimu alizonunua kwa Mhindi, akatia samli ya Chelagat katika chupa ndogo. Juu ya vyote, mahali pa firigisi, akakunja kitambaa chake cheupe kipya, cha maua manane, ambacho alikuwa hajakitandika hata juu ya meza yake mwenyewe.

"Umeanza kumpenda?" nilimwuliza Nabalayo, Khaemba alipokwisha kuondoka.

"Nani? Mimi?" Alinitazama kama mtu niliyemtukana. "Nataka akunywe uji yangu mpaka apone, na kila akimeza ajue ni ya nani. Achukue hiyo kitambaa aweke karibu na yake ya ushanga, aone. Halafu mkebe atanirudishia. Nataka nione ataweka nini ya kushinda hiyo."

Siku zile za kungoja alikuwa na furaha ya ajabu. Tukifua, anakisia kwa sauti: Akileta malewa tena, nitajua hana kitu. Akileta kahawa, si mbaya. Akituma kuku mzima, basi amejua mimi ndiye mkubwa, na siku moja atakuja kunisalimu kwa magoti, na mimi nitamwonyesha mahali pa kukaa. Alisema hivyo: nitamwonyesha mahali pa kukaa. Naamini angemwonyesha.

Khaemba alirudi jua likiwa bado halijapanda sana. Nabalayo alimpokea mkebe kabla hajamsalimu, akashika ule mkono wa kubebea, nami nikaona bega lake likijua kabla ya macho yake. Akafungua. Ulikuwa mtupu. Haukuwa umesuguliwa, unga kidogo ulikuwa umeganda kwenye pembe.

"Hakuweka kitu," alisema.

"Hakukuwa na mtu wa kuweka."

Nabalayo aliendelea kuutazama ndani. "Na kitambaa?"

"Walimfunika nacho uso," Khaemba alisema. "Unga walipikia watu wa matanga." Akakaa kizingitini, akaliita lile jina ambalo hakuwahi kulitaja katika nyumba ile. "Nambozo." Kisha akalia. Alilia kwa sauti, mlango wazi, landi nzima inapita na ndoo zake.

Nabalayo alimwekea uji, akamfunika blanketi mabegani, akamtuma Nasimiyu kwangu. Baadaye alikuja kwenye kamba, ingawa hakuwa na nguo ya kuanika.

"Baba Nasimiyu, mtoto wake alipiga miluzi kifuani siku zile zote," aliniambia, "na yeye hakulia hata kidogo. Kwa huyu amelia." Alishika kamba kwa mikono miwili. "Nilimwomba Mungu tuwe sawa. Sasa hatutakuwa sawa tena, Mama Opiyo. Mimi nitazeeka hapa mbele ya macho yake. Yule hatazeeka."

Nilimwambia aje tumenye viazi, akaja.

Wiki iliyofuata alimfungia Khaemba chakula kama kawaida, ugali, kuku, na firigisi juu. Mkebe ulirudi mtupu, na ukaendelea kurudi mtupu miaka yote mpaka Khaemba alipoacha kazi ya reli. Na kila safari, kabla ya kumsalimu, Nabalayo alikifungua kile kifuniko kwanza, akatazama ndani.